Mistari ya Juan Uslé si mapambo ya ukuta

Kila nikiweka mtandaoni picha iliyochorwa na Juan Uslé, mchoraji wa Hispania, jibu ni lilelile: "Mwalimu, hiki si kikoi?" Wiki hii limekuja tena, safari hii kutoka kwa mtu ambaye mwenyewe ni mchoraji. Akaongeza kwamba mistari myeusi ya mlalo, iliyopangwa mmoja chini ya mwingine, ni pambo la ukuta wa hoteli, na mashine ya kuchapa ingeitoa kwa dakika moja. Akisema hivyo mpita njia namwelewa. Anayeshika brashi kila siku simwelewi, kwa sababu njia ya brashi ya mwenzake iko wazi mbele ya macho yake na hataki kuifuata.

Maisha ya Uslé nayapitia haraka, maana ugomvi hauko huko. Uslé alizaliwa Santander, kaskazini mwa Hispania, mwaka 1954. Alisomea sanaa Valencia, kisha mwaka 1987 akahamia New York pamoja na mkewe, Victoria Civera, naye mchoraji. Tangu hapo anaishi huku na huku, New York na Saro, kijiji cha Cantabria, mkoa wa kwao. Mwaka 1992 alionyesha kazi zake kwenye Documenta, maonyesho makubwa ya sanaa ya kisasa ya Kassel, Ujerumani, na mwaka 2002 Hispania ilimpa tuzo yake ya taifa ya sanaa. Katika utoto wake kuna jambo moja la kushika: mwaka 1960, akiwa bado mtoto mdogo, meli iitwayo Elorrio ilizama kwenye pwani ya Langre, jirani na kwao. Alipofika New York hakuanza na mistari. Alianza na picha za giza, zenye ukungu na maji, ambamo ajali ile ya mwaka 1960 inarudi. Mistari ilikuja baadaye, ikatoka kwenye giza hilohilo.

Sasa tuje kwenye kinachoitwa kikoi. Mwaka 1997 Uslé alianza mfululizo alioupa jina Soñé que revelabas, yaani "Niliota kwamba ulikuwa unafichua", na ameendelea nao miaka mingi. Turubai zake kubwa, yaani vitambaa vya kuchorea, zina kimo cha sentimeta 274 na upana wa sentimeta 203. Rangi si ya mafuta. Ni pigmenti kavu, yaani unga wa rangi, iliyochanganywa na vinili (aina ya plastiki) na gundi za maji, kwa hiyo ni nyepesi, inapitisha mwanga na inawahi kukauka. Ukishaipaka huna nafasi ya kurudi kusawazisha.

Anafanya kazi usiku, palipo kimya, na amekwisha kueleza mara nyingi anavyofanya: brashi inafuata mapigo ya moyo wake. Anaigusisha kwenye turubai, anaikandamiza, anasubiri pigo, anaisogeza kidogo, anakandamiza tena. Hivyo hivyo mpaka mstari ufike mwisho.

Hapa ndipo ninapoomba mtu atulie, maana ndipo wengi wanaporuka. Chukua mstari mmoja tu, uache mingine yote. Utaona hauna weusi wa namna moja. Kuna vijisehemu vilivyosimama wima, kimoja baada ya kingine, kila kimoja cheusi upande mmoja na chepesi upande wa pili. Pale penye weusi brashi ilisimama na rangi ikajikusanya kwenye ukingo wa nywele zake. Pale penye wepesi brashi ilikuwa inatembea, na rangi ikatandazwa hadi rangi ya chini ikachungulia. Kwa hiyo kila kijisehemu ni kituo kimoja na mwendo mmoja. Fuata mstari na utaona rangi inavyopungua kwenye brashi, halafu ghafla inanenepa tena: hapo alichovya upya. Kuna mahali vituo vimesogeleana, na mahali vimeachana. Mashine gani inachapa hivyo? Mashine ingekupa umbali uleule tangu mwanzo hadi mwisho, na macho yangechoka upesi. Hapa hayachoki, kwa sababu hakuna vituo viwili vinavyolingana.

Tupige hesabu ya kukisia. Tuseme kila kituo kinachukua sentimeta 2. Turubai ya sentimeta 203 itameza mapigo 100 hivi kwa mstari mmoja. Moyo uliotulia, wenye mapigo 60 kwa dakika, utaumaliza mstari huo kwa dakika moja na nusu na ushee. Picha ikiwa na mistari 60, hiyo ni zaidi ya saa moja na nusu ya mkono ulionyanyuliwa, kabla hujahesabu kuchovya, kupumzika na kupanda ngazi. Mwanamume au mwanamke yeyote anayesema "hata mimi naweza" namkaribisha ajaribu mistari mitano.

Wanafunzi wangu nawapa zoezi hilo. Kidole cha mkono mmoja kinakaa shingoni, mkono wa pili unashika brashi bapa. Dakika za mwanzo mistari inatoka ya hovyo, kwa sababu kila mmoja anataka ipendeze. Akiacha kutaka hivyo, vituo vinaanza kukaa. Akicheka au akiitwa jina, moyo unakwenda mbio na alama zinabanana, na baadaye ukikagua karatasi unaweza kumwonyesha palepale alipocheka.

Lakini kuna jambo linanisumbua ambalo katalogi, vile vitabu vya maonyesho, hazigusi. Je, mapigo ya moyo yako ndani ya picha, au yako kwenye maelezo yaliyobandikwa pembeni? Mtu asiyeambiwa ataona kukandamiza, kusita na kusogea. Sidhani kama atasema "moyo". Tena nashuku kwamba baada ya muda mrefu mkono hujipatia mdundo wake, na hakuna anayeweza kuthibitisha kwa kutazama kwamba kituo hiki ni pigo na si mazoea. Sijapata jibu la kuniridhisha. Ninachoweza kukisimamia ni kile ambacho jicho linakiona bila kuambiwa: mtu alikuwepo, alikwenda polepole, na hakuruka hatua hata moja.

Mengine machache. Picha hizi zisihukumiwe kwenye simu. Turubai iliyokuzidi kimo ikishakuwa ndogo kama kiganja, ule wepesi wa rangi unapotea kwanza, na kinachobaki ni mistari, ndiyo maana kikoi kinatajwa. Ukiikuta ukutani, anza mbali, kisha sogea mpaka mlinzi akutazame vibaya, halafu simama pembeni ili taa ikuonyeshe ukingo wa rangi ulipoinuka. Na usidhani Uslé ni mtu wa mistari myeusi peke yake. Ana picha ndogo nyingi zenye rangi kali, ambamo mistari inakatana, inapinda na kuingiliana, na nyingine hazifanani hata na jirani yake ukutani. Huko usitafute mapigo. Tazama tu mstari upi ulipita juu ya upi, na upi ulitangulia.