Ganda la mise: mkaa wa kunasa gesi na siri ya mbegu ya mchikichi

Nyuma ya nyumba nyingi zinazokamua mawese hapa Kigoma, utakuta rundo la maganda meusi ya mise, yaani kokwa za chikichi, yaliyopasuliwa kwa jiwe, moja baada ya jingine, na mara nyingi mwisho wake ni kuwashia moto. Sisi tunaotafiti miti tunalitazama ganda hilo kwa jicho jingine, kwa sababu linaweza kugeuzwa kuwa chombo cha kusafishia gesi, na kwa sababu unene wake unaeleza mchikichi ulioliotesha ni wa ukoo gani.

Ganda la mise ni gumu na huacha majivu machache. Likichomwa pasipo hewa ya kutosha huwa mkaa. Mkaa huo ukipitishiwa mvuke wa maji katika tanuri lenye joto la nyuzijoto 800 hadi 1,000 za Selsiasi, mvuke huila kaboni kidogo kidogo na kuacha vinyweleo, yaani vitundu vidogo sana, ambavyo vingi havifiki upana wa nanomita 2. Huo ndio mkaa ulioamilishwa. Gramu moja yake inaweza kuwa na kuta za ndani zenye eneo la mita za mraba 1,000, maana yake gramu saba au nane tu, zinazoenea kiganjani, zinakaribia ukubwa wa uwanja wa mpira. Gesi haiingii katika kaboni kama maji yanavyoingia katika sifongo, bali molekuli zake hunata juu ya kuta hizo, na tendo hili wanakemia huliita adisopsheni. Kwa kuwa mara nyingi mshiko huo ni hafifu, ukipandisha joto au kupunguza mgandamizo gesi huachia, na mkaa ukatumika tena.

Mfano ulio karibu nasi ni bayogesi ya samadi. Pamoja na methani inayowaka, ndani yake mna kabonidayoksaidi nyingi na haidrojeni salfaidi kidogo, ile yenye harufu ya yai viza, ambayo hula vyuma vya majiko na injini. Ikipitishwa katika chombo kilichojazwa mkaa ulioamilishwa, haidrojeni salfaidi hunaswa. Maarifa haya si mapya: mwaka 1918 Marekani iliwaomba wananchi wake wakusanye kokwa za matunda ili zitengenezewe mkaa wa barakoa za kujikinga na gesi za vita. Mwaka 2025 Tuzo ya Nobel ya Kemia ilitolewa kwa Susumu Kitagawa, Richard Robson na Omar Yaghi kwa kubuni mifumo ya metali na molekuli za kaboni yenye vinyweleo vingi zaidi. Ni kazi kubwa, ila kwa mkoa wenye marundo ya maganda naona mkaa ndio mahali pa kuanzia. Lakini nasisitiza: mkaa huu haunasi vizuri kabonimonoksaidi, ile sumu isiyo na harufu inayotoka kwenye jiko la mkaa, kwa hiyo usiuweke chumbani ukidhani utakulinda.

Sasa chukua chikichi, likate kwa kisu katikati. Ukikuta ganda nene na nyama kidogo, mti huo ni dura, aina iliyozoeleka katika mashamba yetu ya zamani. Ukikuta ganda jembamba lililozungukwa na duara la nyuzi nyeusi, hiyo ni tenera, yenye nyama nyingi na hivyo mawese mengi. Ya tatu ni pisifera, isiyo na ganda, ambayo aghalabu haizai, ila chavua yake hutumika kuchavusha dura. Mwaka 1941, huko Yangambi nchini Kongo, watafiti Beirnaert na Vanderweyen walieleza kwamba tenera ni mtoto wa dura na pisifera. Na mwaka 2013 watafiti walitangaza kuwa wameipata jeni yenyewe inayoamua ganda.

Hapa ndipo wakulima wengi hupata hasara. Mbegu zinazotokana na tenera kwa tenera, katika kila miche minne, kwa wastani hutoa dura mmoja, tenera wawili na pisifera mmoja, na mkulima hugundua baada ya miaka mitatu au minne, mti unapoanza kuzaa. Tena mbegu halali ya tenera huonekana na ganda nene, kwa sababu ganda ni mwili wa mama, na mama ni dura. Usimshuku muuzaji kwa hilo, wala usimwamini kwa hilo. Nunua kwenye kitalu kinachotambuliwa, au uulize kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Kihinga, hapa Kigoma.

Kwa hiyo dura haifai kufutwa yote. Bila dura hakuna mbegu ya tenera. Isitoshe, mashamba makubwa ya Asia yanatokana kwa sehemu kubwa na michikichi minne iliyopandwa Bogor, kisiwani Java, mwaka 1848, na ukoo mwembamba namna hiyo una akiba ndogo ya vinasaba ugonjwa mpya ukizuka. Afrika ndiko asili ya mti huu, na michikichi yetu ya zamani huenda imebeba vinasaba ambavyo mashamba hayo hayana.

Anayepanda tenera afanye hivyo, kwani ndiyo yenye mawese zaidi. Lakini mwenye mchikichi mzee unaobeba mikungu mizuri hata mwaka wa ukame, amwite afisa ugani kabla ya kuukata, ili mbegu na chavua yake vichukuliwe mti ungali umesimama.