Gorila wa Kahuzi-Biega: yanayosemwa na ukweli wake

"Gorila wanaongezeka siku hizi." Wanaoongezeka ni gorila wa milimani, wale wa Virunga na Bwindi, waliopita 1,000. Ndugu yao, gorila wa Grauer, hapatikani porini popote isipokuwa mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ikiwemo Hifadhi ya Taifa ya Kahuzi-Biega, na yeye bado yuko hatarini kabisa kutoweka. Katikati ya miaka ya 1990 walikadiriwa kuwa 17,000 hivi. Makadirio ya 2021 yalikuwa kama 6,800. Inaniuma kuona furaha juu ya wale wa milimani inawafanya watu wawasahau hawa wa Grauer.

"Ni mnyama mkali." Ndiye gorila mkubwa kuliko wote, lakini chakula chake ni majani, matunda na machipukizi ya mianzi. Dume akijipiga kifua anatangaza ukubwa wake, na mara nyingi hilo latosha wapinzani wasogee pembeni bila ugomvi. Jioni ikiingia, kila mmoja huvunja matawi, akayakunja na kuyalalia. Mtoto mchanga hulala na mama yake. Kesho yake hutandika upya mahali pengine, na watafiti hupita nyuma wakihesabu malazi yaliyoachwa ili kujua kundi lina wangapi.

"Wanauawa kwa ajili ya nyara." Zaidi wanauawa kwa ajili ya nyama. Vita vilijaza silaha msituni, na wachimbaji wa dhahabu na koltani (madini yanayotumika kwenye vifaa vya elektroniki) wanaopiga kambi mbali na masoko hula kinachowindwa karibu. Ipo pia mitego ya waya inayotegewa paa: gorila akinaswa mkono huvuta kwa nguvu, waya unazidi kuzama kwenye nyama, na anayepona huenda akabaki bila kiganja.

"Ujangili ukikoma watarudi upesi." Hata ukikoma, idadi yao itapanda polepole: jike hubeba mimba kwa miezi 8 na nusu hivi, kwa kawaida huzaa mtoto mmoja, kisha hukaa miaka kama minne au zaidi kabla ya mwingine.

Dhana inayonikera kuliko zote ni kwamba wenyeji ndio maadui wa hifadhi. Wabatwa, jamii ya asili ya msituni, waliishi katika msitu wa Kahuzi-Biega tangu enzi za mababu. Hifadhi ilipoundwa mwaka 1970 na kupanuliwa baadaye, walifukuzwa bila kupewa ardhi nyingine. Hata hivyo, baadhi yao ndio wanaofuata nyayo za gorila na kuwaongoza walinzi. Katika uamuzi uliotangazwa 2024, Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilisema haki zao zilivunjwa, na ikaitaka serikali iwarudishie ardhi yao.