Breki za vyuma si cheti cha kuzaliwa cha baiskeli

Hapa Mombasa, kuanzia Majengo hadi Kongowea, imezoeleka kuaminiwa kwamba baiskeli nyeusi yenye breki za vyuma badala ya waya ni lazima iwe ya Mwingereza, tena ya enzi za ukoloni. Imani hiyo haina msingi, na inasikitisha kwamba wanunuzi hutozwa pesa kwa ajili yake. Muundo huo ulienezwa na viwanda vya Uingereza kama Raleigh ya Nottingham, lakini India na China ziliendelea kuutengeneza miongo mingi baada ya Kenya kupata uhuru mwaka 1963.

Ushahidi bora wa umri, pale unapopatikana, umo katikati ya gurudumu la nyuma. Ukifuta grisi kwenye habu (kitovu cha gurudumu) ya gia tatu ya kampuni ya Uingereza ya Sturmey-Archer, mara nyingi utaona herufi AW, yaani jina la modeli, pamoja na tarakimu za mwaka na mwezi: 58 na 4, kwa mfano, humaanisha Aprili 1958. Hata hivyo, huo ni umri wa habu tu, kwani mafundi wetu hubadilisha magurudumu kila mara. Kwa hiyo linganisha pia nambari ya fremu, nembo ya shingoni na chapa za pedali.