Kwa nini wakimbiaji 18 kati ya 32 walishindwa kumaliza marathoni ya Olimpiki ya 1904?

Marathoni ya Olimpiki ya mwaka 1904, iliyofanyika St. Louis nchini Marekani, ilianza na watu 32, wakamaliza 14. Bingwa, Thomas Hicks, alitumia saa 3:28:53 kwa njia ya kilomita 40 hivi. Hakuna mshindi mwingine wa marathoni ya Olimpiki aliyewahi kuchukua muda mrefu kiasi hicho. Spyridon Louis wa Ugiriki alikuwa ameshinda Athens mwaka 1896 kwa saa 2:58:50. Wanariadha wa St. Louis hawakuwa wazembe. Waliowaponza ni waandaaji.

Kwanza, saa yenyewe. Mbio zilianza saa 9 alasiri, tarehe 30 Agosti, joto likiwa nyuzi 32 hivi. Katika joto hilo mkimbiaji hutoka jasho lita 1 au zaidi kwa saa. Leo meza za vinywaji huwekwa takriban kila kilomita 5. Siku ile maji yalikuwa adimu, na tegemeo kubwa lilikuwa kisima cha kando ya barabara, karibu na nusu ya njia. Tena haikuwa bahati mbaya: mwandaaji mkuu, James Sullivan, alitaka kupima mwili unavyohimili kukosa maji.

Halafu vumbi. Njia ilikuwa ya udongo, yenye vilima saba, na magari ya waamuzi, madaktari na waandishi yalikwenda sambamba na wakimbiaji yakiwatimulia vumbi usoni. William Garcia alikutwa amelala barabarani akivuja damu ndani ya tumbo, vumbi alilomeza likiwa limemjeruhi. Nusura afe.

Hicks naye alipoomba maji, wasaidizi wake walimnyima, wakawa wanamsuuza mdomo tu kwa sifongo. Nguvu zilipomwishia walimpa takriban miligramu 1 ya strikinini pamoja na ute wa yai mbichi, na baadaye wakamwongezea dozi nyingine na brandi. Strikinini ni sumu ya panya. Huzuia ishara za uti wa mgongo zinazoiambia misuli ilegee, hivyo kwa kiasi kidogo mtu huhisi amechangamka, na kikizidi kidogo tu misuli hukakamaa hadi pumzi inakatika. Brandi nayo humwongezea mtu upungufu wa maji. Hicks alifika uwanjani akiwa ameshikiliwa na wasaidizi, hajielewi, na madaktari wakalazimika kumhudumia palepale.

Kabla yake alikuwa ameingia Fred Lorz, akashangiliwa kama bingwa. Ikagundulika kwamba misuli ilimbana njiani akapanda gari, akashuka gari lilipoharibika na kumalizia kwa miguu. Akaondolewa.

Wawili wanaostahili kukumbukwa zaidi ni Len Taunyane na Jan Mashiani, Batswana kutoka Afrika Kusini, wanaohesabiwa kuwa Waafrika weusi wa kwanza kushiriki Olimpiki. Walikuwa St. Louis kwa kazi nyingine kabisa: katika maonyesho ya dunia yaliyofanyika mjini humo kulikuwa na tamasha la kuigiza Vita vya Makaburu, nao walikuwa miongoni mwa washiriki. Taunyane alimaliza wa 9, ingawa mbwa alimfukuza mbali na njia, na Mashiani wa 12. Kwa miaka mingi kumbukumbu ziliandika majina yao kimakosa, jambo lililochelewesha heshima yao.

London, mwaka 1908, kanuni za marathoni zilikataza dawa yoyote kabla ya mbio au njiani. Msaada wa mikono nao haukuvumiliwa tena: Dorando Pietri wa Italia alianguka mara kadhaa uwanjani, akainuliwa na maofisa, akavuka mstari wa mwisho akiwa wa kwanza, kisha akanyang'anywa ushindi, ukaenda kwa Johnny Hayes wa Marekani. Hicks, aliyesaidiwa vilevile, aliachiwa medali yake.