Je, wajua? Mtoto aliyezaliwa bila dole gumba anaweza kutengenezewa jingine kutoka mkono uleule

Mtazame mtu anayekula ugali. Vidole vinamega na kuviringisha tonge, lakini kile kishimo cha kuchotea mchuzi kinabonyezwa na dole gumba. Gumba ndilo linalofunga kifungo, linalogeuza ufunguo, linaloibana kalamu isiponyoke. Wataalamu wa mikono hukadiria kwamba linabeba karibu asilimia 40 ya kazi ya mkono mzima. Hata waliosema kidole kimoja hakivunji chawa walikuwa wakiziona kucha za magumba mawili zikikutana.

Sasa wapo watoto wanaozaliwa bila gumba kabisa. Wengine wanalo, lakini ni dogo, halina mfupa wa kuliegemeza, linaning'inia kwa ngozi tu. Mkono hujengeka tumboni mapema mno, takriban kati ya wiki ya 4 na ya 8 ya mimba, wakati ambapo wanawake wengi ndio kwanza wanagundua kuwa ni wajawazito. Baadhi ya visa vina chanzo katika vinasaba, vingine sababu yake haipatikani. Hakuna hata kimoja kinachotokana na mama kumcheka mlemavu au kurogwa na jirani, na inaumiza kumwona mzazi aliyetoka leba juzi akitwishwa lawama hiyo.

Daktari wa upasuaji wa mikono ya watoto hachukui kidole cha mtu mwingine, wala haweki cha bandia. Anakihamisha kidole cha shahada na kukifanya gumba.

Ukifikiri kidogo utaona tatizo. Kidole cha shahada kina pingili tatu, gumba lina mbili. Tena gumba halikutazama mbele kama wenzake, limegeuka kuwaelekea. Kukisogeza tu hakutoshi. Kwa hiyo daktari huondoa sehemu kubwa ya mfupa wa kiganja unaokibeba kidole hicho, akabakiza kichwa chake. Kichwa hicho hukaa karibu na kifundo cha mkono na kuwa kile kijifupa ambacho gumba la kawaida huegemea. Pingili ya kwanza sasa inashika nafasi ya mfupa wa kiganja, ya pili inakuwa ya kwanza, na yenye ukucha inabaki ya mwisho. Kisha kidole huzungushwa kiasi cha nyuzi 120 hadi 160, mpaka ncha yake iwaelekee wenzake.

Muda wote huo kidole hakikatwi kikatoka. Kinabaki kimeshikwa na neva zake na mishipa yake ya damu, ambayo kwa mtoto mdogo ni myembamba kama uzi, ndiyo maana daktari huvaa miwani ya kukuzia. Misuli nayo hupangiwa kazi upya: uliokuwa ukikivuta kidole upande mmoja unafungwa mahali pengine ulitanue gumba, na mwenzake unalirudisha kwenye kiganja. Kuna hatua moja ndogo ambayo kwangu ndiyo inayoonyesha kwamba fundi huyu ni wa watoto hasa. Katika kile kichwa cha mfupa kilichobakizwa, daktari anaiharibu kwa makusudi sehemu ya kukulia. Asipofanya hivyo, mtoto atakua na gumba litarefuka kupita kiasi.

Zamani vidole vilihamishwa zaidi kwa watu wazima waliopoteza gumba vitani au katika ajali. Kwa watoto, njia inayofuatwa mpaka leo ilikomaa mikononi mwa Dieter Buck-Gramcko wa Hamburg, Ujerumani, aliyeichapisha mwaka 1971. Miongoni mwa wagonjwa wa enzi hiyo walikuwapo watoto wa thalidomaidi, dawa iliyouzwa nchini humo tangu 1957 kwa jina la Contergan. Wajawazito waliimeza ili wapate usingizi na kutuliza kichefuchefu. Ilipoondolewa sokoni Novemba 1961, maelfu ya watoto walikuwa wameathirika viungo.

Mtoto akifikishwa hospitali kwa sababu ya gumba, macho ya daktari hayaishii mkononi. Hupima moyo, figo na damu pia, kwa kuwa kasoro ya gumba huweza kuandamana na ugonjwa wa moyo, au upungufu wa damu uitwao Fanconi ambao hujitokeza miaka baadaye. Hilo mzazi asikubali lirukwe.

Upasuaji wenyewe wengi huufanya mtoto akiwa na umri wa mwaka 1 hadi 3. Baada yake mkono hufungwa hogo, yaani plasta ngumu, kwa wiki kadhaa, kisha mazoezi huja kwa sura ya michezo. Gumba jipya huwa jembamba kidogo, na kama kidole cha shahada kilikuwa kigumu kukunjika tangu mwanzo, nalo litakuwa gumu kukunjika.

Na daktari anajuaje kama gumba dhaifu liachwe au liondolewe? Kwanza huangalia kama lina kiungo imara pale chini. Halafu humwekea mtoto kitu kidogo mezani na kumtazama anavyokiokota. Wapo wanaolipita gumba kana kwamba halipo, wakakibana kitu kati ya kidole cha shahada na cha kati. Kwa baadhi yao, kidole cha shahada kimekwisha kuanza kujizungusha chenyewe kuwaelekea wenzake, na nafasi kati yake na kidole cha kati imetanuka, kabla kisu hakijagusa ngozi.