Nani ana nguvu humu? Dhana potofu tunazosomea nazo vitabu vikongwe

Kamwene wakuu. Jumamosi huwa nakaa na vijana wa kidato cha tano na sita hapa Kihesa, Iringa, tunasoma tamthilia kwa sauti, kila mtu na mhusika wake, na kwa baridi hili la mwezi wa saba wengine wanasoma wamejifunika shuka la kimasai hadi puani. Sasa kuna vitu nimekuwa navisikia mwaka wa tatu huu vinajirudia, yaani mtoto anakuja navyo kutoka kwenye notsi alizonakili kwa kaka yake, ambae nae alinakili kwa mwingine. Naviweka hapa na ukweli wake. Mifano mingi itatoka kwenye Juliasi Kaizari ya Shakespeare kwa Kiswahili cha Mwalimu Nyerere kwasababu ndo tuliyomaliza juzi na bado inanichemka kichwani.

Dhana: mhusika mkuu ni yule ambae jina lake liko kwenye jalada

Hapana. Caesar, yaani huyo Kaizari mtawala wa Roma, anauawa mwanzoni mwa tendo la tatu, na tamthilia ina matendo matano. Akiwa hai tunamwona kwenye maonyesho matatu tu, baadae anarudi mara moja kama mzuka. Anaebeba mzigo wa kuamua, kukosa usingizi, kuua, kukimbia na kufa ni Brutus, rafiki yake alieingia kwenye njama ya kumuua. Kwahiyo ukiandika "mhusika mkuu ni Caesar kwasababu kitabu kina jina lake" hujasoma, umetazama jalada.

Kwenye Mabepari wa Venisi (The Merchant of Venice, nayo ya Shakespeare) ndo wanachanganya kabisa. Watu wengi, hata wa huko Ulaya, wanadhani mfanyabiashara wa kwenye jina la kitabu ni Shylock, Myahudi mkopeshaji, kumbe ni Antonio, yule mwenye merikebu baharini. Nyerere alipotafsiri akaweka wingi, mabepari, na ilitoka 1969, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha. Mi naona lile neno moja lina kazi kubwa, maana linakulazimisha uwatazame wote, anaekula riba na yule anaejiona msafi kwasababu yeye hali riba ila utajiri wake hauulizwi ulitoka wapi.

Dhana: aliyekaa juu ndo mwenye nguvu

Hii ndo inaniuma kuliko zote, kwasababu ukiamini hivi unapita juu ya utamu wote wa kitabu.

Mtazame Caesar. Anamwambia rafiki yake Antony kwamba yeye haogopi mtu, anaeleza tu nani ni wa kuogopwa, halafu hapohapo anamwambia njoo upande wa kulia maana sikio langu hili la kushoto halisikii. Sentensi mbili zimekaa jirani. Mtu anaejiita asietishika na mtu asiesikia upande mmoja ni mtu yuleyule, na Shakespeare hajakuelezea chochote, amekuwekea tu vikae pamoja.

Kisha asubuhi ya kifo. Mke wake Calpurnia ameota sanamu ya mume wake inatoa damu kama chemchemi, anamsihi asitoke. Caesar anakubali, anasema haendi, na basi. Anaingia Decius, mmoja wa wauaji, anasikia ile ndoto, anaigeuza palepale, eti hiyo damu maana yake Roma itapata uhai kutoka kwako, halafu anaongeza mambo mawili: leo Baraza linataka kukupa taji, na ukibaki nyumbani watu watasema Caesar anasubiri mke wake aote ndoto nzuri. Dakika hazizidi tano mkuu wa dola ameshavaa joho anatoka. Sasa niambie, pale sebuleni nani alikuwa na nguvu? Sio Caesar, na sio mke aliekuwa sahihi. Ni yule mgeni aliejua mwenye nyumba anaogopa kuchekwa. Nilipowauliza vijana, binti mmoja akajibu kwamba kwao pia baba akishasema "nimeamua" lazima kwanza uulize jana alikaa na nani kwenye ulanzi. Nikamwambia andika hivyohivyo, ila weka na ushahidi wa kitabuni.

Na msibani kwa Caesar. Brutus ameshinda, ana panga, ana jina zuri, ana sababu zake. Cassius, mwenzie kwenye njama, anamvuta pembeni anamwambia usimruhusu Antony ahutubie. Brutus anasema hakuna shida, mimi nitaanza kuongea. Anaongea, watu wanamshangilia, halafu anafanya kosa ambalo wanafunzi wengi hawalioni kwasababu halipo kwenye maneno, lipo kwenye miguu: anaondoka. Anawaomba watu wabaki wamsikilize mwenzie na yeye anakwenda zake. Antony anabaki na maiti, na umati, na neno la mwisho. Anarudiarudia kwamba Brutus ni mtu wa heshima mpaka ile heshima inageuka tusi. Ukitaka kujua nguvu iko wapi kwenye tamthilia usihesabu vyeo, angalia nani anaingia, nani anatoka, nani anaomba ruhusa, nani anakatishwa akiongea, na nani anabaki jukwaani wengine wakishaondoka.

Dhana: kuchambua mhusika ni kuorodhesha sifa zake

"Brutus: mzalendo, mwaminifu, mwenye huruma." Pointi tatu, anafunga daftari. Halafu anaongeza kwamba ni mhusika duara, yaani mwenye sura nyingi, basi, kana kwamba neno duara linaeleza kitu.

Ukweli ni kwamba sifa ya mtu kwenye kitabu kizuri inabadilika kutokana na anaongea na nani. Tendo la nne, kwenye hema, Brutus anamgombeza Cassius kwamba wewe unakula rushwa, mikono yako ni michafu. Sawa. Halafu kwenye ugomvi huohuo analalamika kwamba alituma aombe dhahabu ya kulipa askari Cassius akamnyima, kwasababu yeye Brutus hawezi kupata pesa kwa njia chafu. Soma tena taratibu. Hataki kuchafuka kukusanya hela ila anataka alietegemewa kuchafuka amgawie. Hapo uadilifu wake unakuwa ni kitu ambacho mtu mwingine anakilipia. Usiku huohuo, kijana wake wa kazi, Lucius, anasinzia akimpigia muziki, na Brutus anakitoa kile chombo mikononi mwake taratibu kisije kikavunjika, anamwacha alale. Ni mkali kwa rafiki wa rika lake na mpole kwa mtoto anaemtumikia. Ukiandika tu "mwenye huruma" umepoteza yote mawili.

Antony nae, wanamwandika "rafiki wa kweli". Pale msibani aliwasomea watu wosia wa Caesar, drakma 75 kwa kila raia, watu wakalia. Tendo la nne linafunguka yuko mezani na wenzie wanaweka alama kwenye majina ya watakaouawa, na la kwanza kabisa analofanya kuhusu wosia uleule ni kuagiza uletwe waangalie jinsi ya kupunguza kinachotakiwa kulipwa. Je hakumpenda Caesar? Alimpenda, machozi yake juu ya maiti akiwa peke yake yanaonekana ni ya kweli. Yote mawili yamo. Ukilazimika kuchagua moja ni notsi zako zinakulazimisha, kitabu hakikukulazimisha.

Dhana: mwenye hela ndo mbabe

Shylock anamkopesha Antonio dukati 3,000 kwa miezi mitatu, kwa mkataba kwamba asipolipwa anamkata ratili moja ya nyama ya mwilini, kwahiyo wanasema yeye ndo mwenye nguvu mpaka mahakamani. Lakini soma siku ya kukopa. Antonio amewahi kumtemea mate, na akiwa palepale anaomba mkopo anasema anaweza kumtemea tena. Mkopaji anamtukana mkopeshaji usoni! Hiyo inakuonyesha kuna nguvu nyingine nje ya pesa, ya kuwa mwenyeji. Na mwisho wa kesi Portia, kwenye nguo za kiume za mwanasheria, akishamaliza hoja ya nyama bila damu anatoa sheria nyingine kabisa, kwamba mgeni akitafuta roho ya raia mali yake inachukuliwa. Mgeni. Ile sheria ilikuwepo siku zote, Shylock alikuwa anatembea na karatasi yake akidhani inatosha. Anaishia kulazimishwa kubadili dini.

Mama mmoja wa Ilula, mzazi wa mwanafunzi, alikuja kumchukua kijana wake siku tunasoma sehemu hiyo akakaa kusikiliza. Analima nyanya. Akasema zake msimu ule zilishauzwa zikiwa bado maua, mnunuzi alitanguliza hela ya dawa na mbolea, tenga analeta yeye na bei anataja yeye. Kisha akauliza: huyo Antonio akisaini, alikuwa anacheka? Nikafungua kitabu tukaangalia, na kweli, anasaini kwa furaha, anasema mkopeshaji amekuwa mwema, na rafiki yake ndo anaogopa. Sijawahi kusikia swali zuri kama lile darasani.

Dhana: tamthilia ya kihistoria ni historia, ikikosea tarehe mwandishi kakosea

Hapa Iringa hii ni moto, kwasababu kuna Mukwava wa Uhehe ya Mulokozi, ya 1979, tamthilia ya Mkwawa, mtemi wa Wahehe aliepigana na Wajerumani, na vijana wa Kalenga wamekua na habari zao kutoka kwa mababu. Wanajua Lugalo, Agosti 1891, kamanda wa Wajerumani Zelewski alipouawa, wanajua ngome ya Kalenga ilianguka 1894, Mkwawa akajiua 1898, fuvu likarudi 1954. Wanasoma tamthilia wakiwa na kalamu nyekundu. Nawaelewa kabisa, huyu ni babu yao. Ila swali la mchambuzi ni lingine: mwandishi akibana au akipanua kitu, nguvu imehamia kwa nani? Shakespeare mwenyewe alifanya hivyo, vita vya Philippi, vile vya mwisho vya Brutus, vilikuwa viwili vimepishana karibu wiki tatu, yeye akavifanya vya siku moja, na ule ubanaji unafanya makosa ya Brutus yamrudie bila kumpa muda wa kupumua. Ebrahim Hussein nae kwenye Kinjeketile, 1969, alichukua mtu wa kweli wa Majimaji akamfanya binadamu anaezidiwa na neno alilolizaa mwenyewe.

Na hiyohiyo Kinjeketile inajibu dhana nyingine fupi, kwamba wanawake na watumishi ni wa kujazia nafasi. Inaanza na wanawake wawili wanaongelea shida ya chakula. Utawala wa Mjerumani unauona kwanza jikoni, kabla hujasikia habari ya vita.

Nirudi kwa Lucius. Binti aliemsoma Jumamosi aliuliza, tulipofika mwisho, huyu kijana anaenda wapi? Jina lake halitajwi tena tendo la tano. Tukatafuta. Brutus akishakufa, Octavius mshindi anasema wote waliomtumikia Brutus atawachukua yeye. Halafu anamgeukia Strato, mtumishi aliemshikia Brutus upanga, anamuuliza kama atakuja kwake, na Strato anajibu ndio, kama Messala (rafiki wa Brutus) atanikabidhi kwako.