Je, wajua kwa nini mboga za nchi za baridi huachiwa nafasi pana?

Mche wa kabichi ukitoka kitaluni hujaa kwenye kiganja, lakini unatakiwa ukae sentimita 45 kutoka kwa mwenzake. Kwa wiki kadhaa tuta huonekana tupu, na mkono huwasha kuchomeka mche mwingine katikati. Wengi hudhani nafasi ile ni ya mizizi tu, isigombanie mbolea na maji. Kama ingekuwa hivyo, ungeongeza samadi yakaisha. Penye baridi, kinachogombewa zaidi ni jua.

Chukua latitudo ya 60 kaskazini. Mwishoni mwa Septemba, jua la adhuhuri hupanda nyuzi 30 tu juu ya upeo wa macho. Mmea wa mita 1 hapo hutupa kivuli cha mita 1.7 hivi, na hicho ndicho kivuli kifupi kuliko vyote vya siku hiyo. Kwenye ikweta, saa hiyo hiyo kivuli kingekuwa kimejificha chini ya majani. Ndiyo maana mimea mirefu, kama njegere zilizoegemezwa mitini, huwekwa upande wa kaskazini wa bustani, ili kivuli chake kiangukie nje.

La ajabu ni kwamba mmea huhisi jirani hata kabla kivuli hakijaufikia. Jani bichi humeza mwanga mwekundu, lakini hurudisha ule wekundu wa ukingoni kabisa ambao jicho letu halioni vizuri. Mmea wa pembeni huupokea kwa protini iitwayo fitokromu, nao huanza kurefusha shina ili usije kufunikwa. Nguvu iliyopaswa kwenda kwenye jani au kiazi huishia kwenye shina. Letasi zilizosongamana huwa ndefu na legelege kwa sababu hiyo, na majira ya joto ni mafupi mno kuzisubiri zijirekebishe.

Kuna na suala la kukauka. Hewa ya baridi hukausha polepole, na majani yaliyobanana hubaki na umande hadi mchana. Vimelea wa bakajani, ugonjwa unaoua majani, wale wale walioangamiza viazi vya Ireland kuanzia 1845, hustawi kwenye majani yaliyolowa na ubaridi. Nafasi haiwafukuzi, lakini huruhusu upepo upite. Nyanya ziachie sentimita 60, na usizionee huruma.

Udongo nao unataka jua. Mbegu ya karoti kwenye udongo wa nyuzi 5 za Selsiasi huchukua wiki nyingi kuota; kwenye nyuzi 20, wiki moja hivi. Kwa kuwa huota kwa kusuasua, watu humwaga mbegu nyingi, kisha hupunguza miche hadi ibaki sentimita 5 kati ya mmoja na mwingine. Kazi hiyo inauma, kung'oa kitu kilicho hai na kizima! Tumia mkasi, ukate shingoni, mizizi ya jirani isitikiswe.

Si kila zao linadai upana, lakini. Figili hutosheka na sentimita 3 hadi 5. Letasi za kuchumwa zikiwa changa zinaweza kubanana kwa sababu hazitafika umri wa kugombana. Vitunguu maji vikisongwa hukomaa mapema kidogo, ila vichwa huwa vidogo. Penye msimu mfupi, wengine hukubali biashara hiyo kwa moyo mkunjufu.

Na kwenye pakiti ya mbegu kuna mtego: namba mbili, moja ya mche hadi mche, nyingine kubwa zaidi ya mstari hadi mstari. Ile kubwa ni ya mtu kupita na jembe. Kama tuta lako unalifikia kutoka pembeni bila kulikanyaga, tumia ile ndogo pande zote, ukipanda kwa pembetatu badala ya mistari iliyonyooka.